Profesa J. H. Kwabena Nketia na taaluma ya muziki wa Afrika: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Profesa Nketia alikuwa nani?

Joseph Hanson Kwabena Nketia alikuwa mtafiti wa muziki, mwanaisimu, mtunzi na mwalimu kutoka Ghana. Alizaliwa tarehe 22 Juni 1921 huko Mampong, katika nchi ya Waasante, wakati Ghana ilipokuwa koloni la Uingereza likiitwa Gold Coast, na akafariki tarehe 13 Machi 2019 akiwa na umri wa miaka 97. Kazi zake zilizochapishwa huhesabiwa kuwa zaidi ya 200, na tungo zake za muziki zaidi ya 80.

Wengi humwita baba wa taaluma ya muziki wa Afrika. Sababu ya kumjua, kwa maoni yangu, ni kubwa kuliko hiyo sifa. Kabla yake, vitabu vingi vilivyoheshimiwa kuhusu muziki wetu viliandikwa na watu waliotoka mbali, na Mwafrika alionekana humo kama mpigaji tu, mtu wa kutoa habari na kuondoka. Nketia alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuonyesha, kwa kazi nzito ya miaka mingi, kwamba mtu aliyekulia ndani ya muziki anaweza pia kuwa mwenye nadharia yake.

Ethnomuzikolojia ni taaluma ya namna gani?

Ni taaluma inayochunguza muziki pamoja na watu wenye muziki huo: nani anaimba, kwa nini anaimba, anajifunza kwa nani, wasikilizaji wanaupokeaje, na sauti zenyewe zimepangwaje. Jina la taaluma lilianza kutumika mwaka 1950 katika maandishi ya Mholanzi Jaap Kunst, na chama chake kikuu huko Marekani kiliundwa mwaka 1955. Kabla ya hapo kulikuwa na elimu iliyoitwa muziki linganishi, iliyokuwa na makao yake makuu Berlin, ambako santuri na silinda za nta zenye sauti za watu wa mabara mengine zilisikilizwa na kupimwa na wataalamu ambao mara nyingi hawakuwahi kufika mahali sauti hizo zilikotoka.

Ni vyema kukumbuka tofauti hiyo, kwa sababu Nketia aliingia katika taaluma hii ikiwa bado changa, na mchango wake ulikwenda moja kwa moja kwenye swali lililoisumbua: je, muziki uchunguzwe kama sauti, au kama tendo la jamii? Yeye alikataa kuvitenga viwili hivyo. Alieleza mara kwa mara kwamba mchanganuzi anapaswa kupatafuta pale ambapo mambo ya jamii na mambo ya muziki yanakutana, na makala yake ya mwaka 1981 inayobeba wazo hilo bado inasomwa vyuoni.

Alipata wapi msingi wake?

Alipata msingi wake mahali pawili ambapo, kwa macho ya wamisionari wa enzi hizo, hapakupaswa kukutana. Pa kwanza ni Mampong kwenyewe, penye ngoma za mfalme, nyimbo za akina mama na maombolezo ya mazishi. Pa pili ni Chuo cha Ualimu cha Wapresbiteri huko Akropong, alikoingia mwaka 1937, na ambako alisoma tenzi za kanisa, kinanda na nota za Kizungu.

Hapo Akropong palikuwa na kivuli cha mtu mmoja. Ephraim Amu, mwalimu na mtunzi aliyezaliwa mwaka 1899, alikuwa amefundisha chuoni hapo na kuondolewa mwaka 1933. Kosa lake lilikuwa kuvaa vazi la Kiafrika kanisani na kuingiza ala za kienyeji katika mafunzo na ibada. Nketia alipofika, Amu alikuwa ameshaondoka, lakini nyimbo zake zilibaki midomoni mwa wanafunzi. Kijana huyo akajifunza kwamba muziki wa Kiafrika unaweza kuandikwa na kufundishwa, na papo hapo akajifunza kwamba mtu anaweza kupoteza kazi kwa kuupenda. Huwezi kumwelewa Nketia bila Amu. Amu alitunga akiwa na imani kwamba muziki wa nyumbani una kanuni zake, na Nketia akatumia maisha yake yote kuzitafuta kanuni hizo na kuziandika.

Kwa nini mwanamuziki alikwenda London kusoma isimu?

Mwaka 1944 alipelekwa katika Chuo cha Mafunzo ya Mashariki na Afrika, sehemu ya Chuo Kikuu cha London, akasoma isimu na anthropolojia ya jamii, kisha akasaidia kufundisha Kitwi, lugha ya nyumbani kwake, hapo hadi mwaka 1949. Muda huohuo alisoma pia katika Birkbeck na katika Chuo cha Muziki cha Trinity.

Huko alikutana na mafundisho ya J. R. Firth, mwanaisimu aliyesisitiza kwamba maana ya neno haiwezi kutenganishwa na mazingira linamotamkwa: nani anasema, kwa nani, wapi, na kwa shughuli gani. Nketia alilichukua fundisho hilo na kulihamishia kwenye muziki. Swali lake likawa si «wimbo huu una nota gani?» peke yake, bali «wimbo huu unasema nini hapa, leo, kwa watu hawa?». Mwaka 1962 aliandika makala mahususi kuhusu tatizo la maana katika muziki wa Afrika, na ndani yake unamsikia mwanaisimu na mwanamuziki wakizungumza kwa sauti moja.

Aliporudi nyumbani alifanya utafiti gani?

Alifundisha tena Akropong, kisha mwaka 1952 akajiunga na Chuo Kikuu cha Gold Coast kama mtafiti katika idara ya sosholojia, chini ya K. A. Busia, ambaye baadaye alikuja kuwa waziri mkuu wa Ghana. Alizunguka vijijini akiwa na kinasa sauti na daftari, akiwasikiliza wapigaji, waimbaji na wazee.

Tunda la kwanza kubwa lilikuwa kitabu cha mwaka 1955 kuhusu maombolezo ya mazishi ya Waakan, kundi kubwa la watu ambalo Waasante ni sehemu yake. Maombolezo haya huimbwa na wanawake, kila mmoja akitembea huku na huku penye msiba, akilia na kuimba kwa wakati mmoja. Mgeni angesikia kilio tu. Nketia alisikia utungo wenye mpangilio, akaonyesha kwamba mwombolezaji ana mada kuu nne: mhenga wa ukoo, marehemu mwenyewe, mahali wahenga walikoishi, na tafakuri pamoja na ujumbe unaotumwa kwa walio kuzimu. Mwanamke anayeomboleza anamtaja marehemu kwa majina ya sifa ya ukoo wake, anataja mji wa asili, kisha anamwomba amtumie kitu pale mtu mwingine atakapokuwa anakuja upande huu. Anayelia huku machozi yanamtiririka ni mtunzi, na ni hazina ya historia ya ukoo mzima.

Ningependa msomaji atue hapo kidogo. Kitabu kikubwa cha kwanza cha utafiti cha mwanamume huyu, mwenye elimu ya London, kilikuwa kitabu cha kuwaheshimu wanawake wa kijijini kama washairi. Mwaka ulikuwa 1955, na nchi yake ilikuwa bado haijapata uhuru.

Aligundua nini kuhusu ngoma zinazosema?

Hapa inabidi kueleza jambo moja ambalo msemaji wa Kiswahili halioni kwa urahisi, kwa sababu lugha yetu haitumii kidatu cha sauti kubadilisha maana ya neno. Kitwi kinakitumia. Neno linaloandikwa *papa* likitamkwa kwa silabi zote mbili juu humaanisha kitu kizuri. Likianza chini na kupanda humaanisha baba. Likiwa chini lote humaanisha kipepeo cha kujipepea. Basi ukiwa na ngoma mbili, moja ya sauti ya juu na nyingine ya chini, unaweza kuifuata sentensi ya Kitwi kwa kupanda na kushuka kwake, pamoja na mwendo wa silabi zake. Ngoma hizo mbili ni *atumpan*, moja ya kike na moja ya kiume, ambazo hupigwa na mtu mmoja kwa magongo yaliyopinda.

Katika kitabu chake cha mwaka 1963 kuhusu upigaji ngoma katika jamii za Waakan, Nketia alitofautisha njia tatu za kupiga. Ya kwanza ni ya ishara, ambapo mapigo mafupi yanayorudiwa hutoa tangazo au tahadhari. Ya pili ni ya usemi, ambapo ngoma hufuata maneno. Ya tatu ni ya kucheza, ambapo mdundo huongoza miguu. Mgawanyo huo ulifuta dhana mbili potofu kwa pamoja: dhana kwamba kila ngoma ya Kiafrika inatuma habari porini, na dhana kwamba ngoma ni kelele za kuchezea tu.

Mfano mzuri ni utenzi wa ngoma unaopigwa kuwaamsha wahenga na kuwasalimu wakuu. Mpigaji haanzi na mfalme. Anaanza kwa kuviita vitu vilivyoiunda ngoma yake: mti wa *tweneboa* uliotoa mzinga, tembo aliyetoa ngozi, nyuzi zilizokaza ngozi hiyo, na vigingi vilivyoishikilia. Kila kimoja kinaombwa kirudi kama kiliondoka. Kisha linakuja fumbo maarufu linalouliza: njia imeukata mto, na mto umeikata njia, mkubwa ni nani? Ngoma inajibu kwamba njia tuliichonga sisi tukaukuta mto upo, na mto umetoka zamani kwa Muumba. Mpigaji wa kumbukumbu hiyo yote ana cheo chake katika baraza la mfalme. Nketia alikaa na watu kama hao, akaandika matini zao kwa Kitwi, akazieleza mstari kwa mstari.

Msomaji wa Kisangani atakumbuka *lokole*, mzinga wa mti wa Walokele wa Mto Kongo, ambao nao husema kwa vidatu viwili na hurefusha misemo ili neno lisichanganywe na jingine.

«Mstari wa wakati» ni nini?

Ni mpangilio mfupi wa mapigo unaorudiwa bila kubadilika tangu mwanzo wa mchezo hadi mwisho, mara nyingi kwa kengele ya chuma au kwa kupiga makofi, na wapigaji wengine wote hujipima kwa huo. Nketia anatambuliwa kama mtu aliyelipa jambo hilo jina lake katika maandishi yake ya mwanzoni mwa miaka ya 1960, na jina hilo limeenea kote duniani.

Maelezo ya maneno hayatoshi, kwa hiyo jaribu hivi. Hesabu moja hadi kumi na mbili kwa mwendo sawa, tena na tena, bila kupumzika unaporudi kwenye moja. Piga kofi kwenye 1, 3, 5, 6, 8, 10 na 12. Hayo ni makofi saba, na ndiyo moja ya mistari ya wakati inayosikika sana Afrika Magharibi. Ukishaizoea mikono, anza kukanyaga mguu kwenye 1, 4, 7 na 10. Mwanzoni mguu na mkono vitagombana. Wanafunzi niliowahi kuwafanyisha zoezi hili huwa wanacheka kwa dakika kadhaa, kisha ghafla darasa linanyamaza, kwa sababu mwili umeelewa. Mguu ndio unaoshika pigo la msingi, nalo mara nyingi halipigwi na ala yoyote: linakaa katika miguu ya wachezaji. Mtu anayechunguza kanda ya sauti peke yake, bila kuwaona wachezaji, anaweza kulikosa kabisa.

Je, ni kweli alitofautiana na A. M. Jones?

Ndiyo, ingawa kwa heshima. Jones, mmisionari Mwingereza, alitoa mwaka 1959 kitabu kikubwa cha uchanganuzi wa muziki wa Waewe wa Ghana na Togo, akiandika kila ngoma kwa mistari ya mizani yake yenyewe, yaani mistari inayogawa mapigo katika mafungu, isiyolingana na ya jirani yake. Ukiutazama ukurasa wake unaona kama wapigaji watano wanaoishi katika dunia tano. Nketia alishikilia kwamba wapigaji wanasikilizana na wana pigo moja la msingi linalowaunganisha, hivyo muziki huo unaweza kuandikwa kwa mizani ya pamoja, na ugumu wake ukaonekana ndani ya utaratibu huo. Wachanganuzi wengi waliofuata wamekuwa upande wake. Tofauti hii si ya kalamu na karatasi tu. Ukiandika muziki kama vurugu, msomaji ataamini kwamba waliouunda wanaishi katika vurugu.

Alikuwa na nafasi gani katika Ghana ya Kwame Nkrumah?

Nafasi kubwa. Taasisi ya Mafunzo ya Afrika ilianzishwa katika Chuo Kikuu cha Ghana, Legon, mwanzoni mwa miaka ya 1960, na Nkrumah akaifungua rasmi tarehe 25 Oktoba 1963 kwa hotuba iliyowataka wasomi wailetee Afrika maarifa yake yenyewe. Mkurugenzi wa kwanza alikuwa Mwingereza Thomas Hodgkin. Mwaka 1965 Nketia alishika nafasi hiyo, akiwa Mwafrika wa kwanza kuiongoza, akabaki nayo hadi mwishoni mwa miaka ya 1970.

Ilianzishwa pia shule ya muziki na maigizo, na mwaka 1962 kikazaliwa kikundi cha taifa cha ngoma, ambacho Nketia alikiunda akishirikiana na mwalimu wa uchezaji Mawere Opoku. Wapigaji na wachezaji waliletwa kutoka sehemu mbalimbali za nchi wakawafundisha wasomi. Mtu asiyejua kusoma aliingia chuo kikuu akiwa mwalimu. Pamoja na hayo, palizaliwa swali gumu: ngoma ya mazishi ikipandishwa jukwaani kwa dakika saba, mbele ya wageni wa serikali, inabaki kuwa ngoma ile? Nketia alilijua swali hilo. Jibu lake lilikuwa kwamba jukwaa ni mazingira mapya yenye kanuni zake, na kwamba kazi ya chuo ni kuhakikisha anayecheza jukwaani anaijua asili yake.

Kwa nini alifundisha Marekani kwa muda mrefu?

Alikwenda huko mara ya kwanza mwaka 1958 kwa ufadhili wa Rockefeller, akapita Columbia, Juilliard na Northwestern, akakutana na watu kama mtunzi Henry Cowell na mwanaanthropolojia Melville Herskovits. Kuanzia 1969 hadi 1983 alikuwa profesa wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, kwa miaka mingi akiwa bado na majukumu Legon, kisha akawa Pittsburgh hadi 1991. Baada ya hapo alirudi nyumbani na kuanzisha Legon kituo cha kimataifa cha muziki na uchezaji wa Afrika.

Kitabu chake maarufu zaidi kinasema nini?

*The Music of Africa*, kilichotoka mwaka 1974, ndicho kilichompeleka katika kila maktaba. Kimefasiriwa kwa Kijerumani, Kiitaliano, Kichina na Kijapani, miongoni mwa lugha nyingine. Kiswahili hakimo katika orodha hiyo ninayoijua, na jambo hilo linaniuma.

Kitabu kinaanza na jamii: muziki unafanywa na nani, wanamuziki wanapatikanaje na kufunzwaje. Kisha kinakwenda kwenye ala, baadaye kwenye miundo ya sauti na mdundo, na kinamalizia na uhusiano wa muziki na usemi, uchezaji na maigizo. Mpangilio huo wenyewe ni hoja. Mwandishi mwingine wa wakati ule angeanza na orodha ya ala, kama bidhaa za makumbusho.

Ndani yake kuna maelezo mazuri ya jinsi wapigaji wanavyogawana sauti, kila mmoja akishika sauti moja au mbili tu, hadi mlio kamili unatokea kutoka kwa wote. Nketia alikuwa ameliandikia jambo hilo makala maalumu mwaka 1962. Anayetaka kuliona Afrika Mashariki aende Buganda akatazame *amadinda*, marimba ya mbao: wapigaji wawili wameketi wakitazamana, mapigo ya huyu yanaangukia katikati ya mapigo ya yule, na mwendo unaosikika haupo katika mikono ya mmoja wao.

Alikuwa mtunzi pia?

Alikuwa mtunzi tangu ujanani. Alitunga nyimbo za kwaya kwa Kitwi, muziki wa piano, wa fidla, na wa *atenteben*, filimbi ya mwanzi ambayo Amu aliifanyia kazi kubwa kuiingiza mashuleni. Tungo zake kumi na mbili za piano zilichapishwa mwaka 1994. Ndani yake piano inatakiwa iwaze kama ngoma na kengele, wazo ambalo Mnigeria Akin Euba alilipa jina la upiano wa Kiafrika. Utafiti wake na utunzi wake vilikuwa kitu kimoja: alichokisikia kijijini alikijaribu kwa mikono yake ili ajue kama ameelewa kweli.

Je, aliandika kwa lugha yake mwenyewe?

Aliandika, na mapema. Ana tamthilia ya Kitwi iitwayo *Ananwoma*, mashairi, na maandishi kuhusu tahajia ya lugha hiyo. Wasomi wengi wa kizazi chake waliiona lugha ya nyumbani kuwa chombo cha kukusanyia habari tu, kisha habari zikaandikwa kwa Kiingereza. Yeye aliitumia kubuni fasihi. Kwa wasomaji wa Kiswahili, ambao lugha yao ina vitabu vya isimu, historia na sheria lakini bado ina vichache sana kuhusu uchanganuzi wa muziki, mfano wake unatugusa moja kwa moja.

Kazi yake imekosolewaje?

Yapo mambo matatu ambayo wasomaji makini huyataja. Kwanza, neno «Afrika» katika vitabu vyake mara nyingi husimama juu ya ushahidi wa Ghana, na hasa wa Waakan, ambao aliwajua kuliko mtu yeyote. Pili, aliuzingatia muziki wa asili wa Afrika iliyo kusini mwa Sahara, na muziki wa mijini haukupata nafasi ya kutosha. Mtu wa Zanzibar, Mombasa au Lamu analiona pengo hilo haraka, kwa sababu taarabu haikai vizuri katika sanduku la Afrika ya ngoma wala katika sanduku la Uarabuni. Nayo dansi ya Dar es Salaam na Lubumbashi haikai katika sanduku la kijiji.

La tatu ni zito zaidi. Kizazi kilichofuata, hasa Mghana Kofi Agawu katika kitabu chake cha mwaka 2003 kuhusu namna muziki wa Afrika unavyoelezwa, kimeuliza kama taaluma nzima haikuipa Afrika utofauti wa kupindukia, kana kwamba mdundo ndio pekee tulio nao. Lawama hiyo inawaangukia zaidi waandishi wa nje kuliko Nketia. Hata hivyo, ni haki kusema kwamba msisitizo wake juu ya mazingira ya kijamii uliwapa wengine kisingizio cha kutozitazama sauti zenyewe kwa makini, jambo ambalo yeye hakulifanya kamwe.

Ushawishi wake unaonekana wapi leo?

Unaonekana kwa watu. Jacqueline Cogdell DjeDje, aliyesoma Los Angeles na baadaye kufundisha hapo, alitumia miaka mingi kuchunguza zeze la upinde la Afrika Magharibi, ala iliyosahauliwa kwa sababu kila mtu alikuwa anatafuta ngoma. Kwasi Ampene ameandika kuhusu *nnwonkoro*, nyimbo za wanawake wa Kiakan, akiuendeleza mlango uliofunguliwa na kitabu cha maombolezo, na mwaka 2015 akawa mmoja wa wahariri wa kitabu cha kumuenzi mwalimu huyo. Unaonekana pia katika mazoea ambayo sasa tunayaona ya kawaida: kuandika jina la mpigaji, kunukuu matini kwa lugha yake kabla ya tafsiri, na kumtazama mchezaji unapochanganua mdundo.

Sisi wa Afrika Mashariki tunahusikaje?

Neno letu wenyewe linatosha kuanzia. *Ngoma* ni ala, ni uchezaji, ni wimbo, na ni shughuli nzima inayowakusanya watu. Tunaposema «kuna ngoma jioni», hatumaanishi mzinga wa mti. Nketia alitumia kurasa nyingi kuwaeleza wasomaji wa Kizungu kwamba muziki, uchezaji, usemi na maigizo haviachani. Sisi tulilipokea wazo hilo pamoja na maziwa ya mama. Kuna pia undugu wa mamlaka: *karyenda* iliyokuwa ya wafalme wa Burundi na *mujaguzo* ya Kabaka ni ngoma zenye enzi, kama zilivyo *atumpan* kwa Waasante.

Aidha, Tanzania baada ya uhuru ilipitia njia ileile ya kikundi cha ngoma cha taifa, kisha Chuo cha Sanaa Bagamoyo, na maswali yaliyoulizwa Legon kuhusu ngoma ya kijiji na ngoma ya jukwaani yaliulizwa huku pia.

Sauti alizozirekodi ziko wapi?

Ziko Legon, katika hifadhi ya Taasisi ya Mafunzo ya Afrika inayobeba jina lake. Kanda zilizorekodiwa tangu miaka ya 1950 zimefanyiwa kazi ya kuhamishiwa katika mfumo wa kidijitali, kwa sababu utepe wa sumaku huoza: unakauka, unanata, tabaka lenye sauti linabanduka, na mashine za kuuchezea zinapotea sokoni. Wengi wa waliorekodiwa walikuwa wazee wakati huo. Mjukuu anayefika leo anaweza kusikia bibi yake mkubwa akimlilia mtu aliyekufa kabla ya uhuru.

Mtu asiye mtaalamu aanze kusoma wapi?

Aanze na *The Music of Africa*, lakini asisome kwa kufuata kurasa. Afungue kwanza sehemu ya kugawana sauti, ajaribu mifano pamoja na rafiki mmoja au wawili juu ya meza, ndipo arudi kwenye sura za jamii. Baada ya hapo kitabu cha upigaji ngoma wa Waakan, kwa ajili ya matini za ngoma. Cha maombolezo kisomwe mwisho, polepole, na ikiwezekana kisomwe kwa sauti mbele ya mama au shangazi anayejua nyimbo za misiba za kwao, kwa maana ataanza kuimba zake kabla hamjafika ukurasa wa kumi, na hapo ndipo utakapohitaji kinasa sauti.